Kushika kazi kwa vakyumu kwenye mashine ya CNC: maswali ya mafundi wa Malindi na Lamu

Karakana zinazochonga milango, makabati na vibao vya hoteli kwa CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, zipo sasa Malindi, Watamu na hata kule Amu, mji wa kale wa Lamu, na malalamiko tunayoletewa yanafanana. Kipande kimeteleza katikati ya kazi. Pampu inanguruma lakini geji haipandi. Mpira wa bomba umebonyea. Mengi ya majibu yaliyo hapa chini yanahusu viungio, yaani nipo, elbo, tii, koki, klipu na mipira, vile vitu vya bei ndogo vilivyo kati ya pampu na meza. Ndivyo tunavyovipa nafasi kubwa kwa sababu huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia, huku mwenye karakana akiilaumu pampu.

Vakyumu inashikaje ubao mpaka kisu kisiweze kuusogeza?

Hewa ndiyo inayoushika. Usawa wa bahari, hewa iliyo juu yetu inakandamiza kila sentimita mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Vitabuni imeandikwa kilopaskali 101.3, au bar moja na kidogo. Hatuisikii kwa sababu inakandamiza pande zote sawasawa. Pampu ikiondoa hewa ya chini ya ubao, ile ya juu inakosa wa kushindana naye na inaubana ubao mezani.

Nguvu hiyo unaipata kwa kuzidisha eneo lililozibwa na kipimo cha geji. Chukua kikombe cha kunyonya chenye eneo la sentimita 12 kwa 12 ndani ya mpira wake. Hizo ni sentimita mraba 144. Geji ikisoma −0.8 bar, yaani 0.8 chini ya hewa ya nje, kikombe kimoja kinabana kwa nguvu ya takriban kilo 117. Inatosha kukutia moyo, lakini usisimame hapo. Nguvu hiyo inabana kwenda chini, ilhali kisu kinasukuma pembeni. Kinachozuia ubao kwenda pembeni ni msuguano wake na mpira, na msuguano huo kwa kawaida ni kama nusu ya nguvu ya kubana, tena hupungua sana kukiwa na vumbi au mafuta. Basi hesabu kilo 58. Zigawe tena kwa mbili kwa ajili ya usalama, zinabaki kilo 29 kwa kikombe. Hii ndiyo namba ya kupangia kazi.

Nimenunua mashine iliyokuwa ikifanya kazi Nairobi. Itashika sawa na huko?

Itashika vizuri zaidi, na unapaswa kuliona jambo hilo kwenye geji. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, inakandamiza kwa bar 0.82 hivi. Pampu inayoondoa asilimia 90 ya hewa itaonyesha −0.74 ikiwa Nairobi. Pampu hiyohiyo, bila kubadilishwa hata skrubu, itaonyesha karibu −0.91 ikiwa Malindi au Amu. Umepata takriban robo ya nguvu zaidi bila kulipa.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Mashine inafika, inafungwa, geji inasoma −0.74, na kwa kuwa muuzaji alisema ndivyo ilivyokuwa ikisoma, kila mtu anaridhika. Kwa pwani, namba hiyo ina maana kwamba kuna kitu kimelegea njiani. Barabara ya kutoka Nairobi ni ndefu na viungio hutikisika. Vipitie kimoja kimoja kabla ya kuanza kazi ya mteja.

Pampu ni mpya lakini geji haipiti −0.45. Ninunue kubwa zaidi?

Subiri kwanza. Tundu moja la kipenyo cha milimita moja linaingiza takriban lita 9 za hewa kila dakika mara tu vakyumu inapopita nusu. Matundu kumi ya aina hiyo, ambayo ni nyuzi chache za viungio zisizokazwa na klipu mbili tatu zilizolegea, yanaingiza zaidi ya mita za ujazo 5 kwa saa. Pampu iliyoandikwa mita za ujazo 10 kwa saa inaonekana inaweza kuyashinda, lakini kipimo hicho ni cha hewa ya kawaida. Kadiri hewa ya ndani inavyokuwa nyembamba, ndivyo kila mzunguko wa pampu unavyobeba kidogo. Ukipiga hesabu, geji itasimama karibu na nusu tu na haitasogea hata ukiiacha mpaka adhana ya alasiri. Yazibe matundu saba kati ya hayo kumi na pampu hiyohiyo itakupeleka zaidi ya −0.8.

Kwa hiyo tafuta uvujaji kwa hatua. Anza pampuni. Funga koki iliyo karibu kabisa na pampu, uangalie geji iliyo upande wa pampu. Ikipanda vizuri, pampu ni nzima na sasa umeshajua tatizo liko mbele yake. Fungua koki hiyo na ufunge koki za meza. Geji ikishuka, bomba kuu au viungio vyake vinavuja. Ikibaki juu, fungua sehemu moja ya meza baada ya nyingine, kila sehemu ukiwa umeifunika kwa kipande cha akriliki au formika kilichonyooka. Sehemu itakayoiangusha geji ndiyo yenye ugonjwa. Kama zote zinashika akriliki lakini ubao haushikiki, basi hewa inapita kwenye mbao zenyewe, na hilo tumelijibu chini.

Karakana isiyo na koki njiani haiwezi kufanya kipimo hiki. Ndiyo maana tunasisitiza koki moja kwenye mdomo wa pampu na moja kwa kila sehemu ya meza, hata kama bajeti ni ndogo. Tungependelea uache kununua geji ya kidijitali ukanunua koki.

Tunapaka povu la sabuni kwenye viungio lakini hatuoni mapovu. Ina maana havivuji?

Hapana. Sabuni ni ya mabomba ya kompresa, ambako hewa inatoka nje na kupuliza povu. Kwenye vakyumu hewa inaingia, kwa hiyo povu linanyonywa ndani kimyakimya na maji yake yanaelekea kwenye pampu.

Tumia moshi. Ubani au udi wa kijiti, ule wa kuwasha kama kiberiti, unatoa uzi mwembamba wa moshi. Upitishe polepole kandokando ya kila kiungio na utauona unapinda ghafla na kuingia panapovuja. Zima kwanza mashine ya kunyonya vumbi na feni, la sivyo moshi utakwenda huko. Pia fagia na kufuta mahali pote kabla ya kuwasha chochote. Vumbi laini la mbao linashika moto haraka, na ndiyo sababu hatushauri chetezo chenye makaa ndani ya karakana. Kama vumbi halijaondoka kabisa, acha moshi. Tumia uzi wa cherehani uliofungwa kwenye kijiti, au sikio lako wakati mota nyingine zimezimwa.

Nitumie mpira gani wa bomba? Nilioufunga umebonyea ukawa bapa.

Huo ni mpira wa bustani, au mwingine uliotengenezwa kusukumwa kutoka ndani. Vakyumu inaukandamiza kutoka nje. Unahitaji mpira wenye waya wa chuma uliozungushwa ndani ya ukuta wake, PVC inayoonyesha ile springi. Kwa njia ndogo za milimita 8 au 10, bomba gumu la poliyurethani linatosha. Kwa njia kuu iliyokaa mahali pamoja, bomba la PVC la maji lenye ukuta mnene linafanya kazi nzuri sana, likiunganishwa kwa gundi yake. Yale mabomba mepesi ya maji machafu yaache. Ukuta wake haukutengenezwa kwa mgandamizo huu.

Kuhusu ukubwa, usiwe bahili. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, eneo la ndani linabaki robo, na hewa inayopita hupungua kuliko robo hiyo kwa sababu ya msuguano wa kuta. Tumeona pampu yenye mdomo wa inchi moja na nusu imefungiwa nipo ya nusu inchi kwa vile ndiyo iliyopatikana dukani siku hiyo. Pampu ile ilikuwa nzima lakini ilikuwa ikinywa kwa mrija. Tunza ukubwa wa mdomo wa pampu mpaka kwenye mgawanyo wa meza, na mahali pa kona kali tumia elbo mbili za digrii 45 badala ya moja ya 90. Kwa meza za vikombe, ambako ukishaziba hewa haitembei tena, jambo hili lina uzito mdogo. Kwa meza za MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliokandamizwa, ambako hewa inapita muda wote, ni kila kitu.

Mpira unaoingia kwenye nipo ya meno unahitaji klipu ya kukaza, hata kama unaona vakyumu yenyewe inauvuta mpira ukae. Mtikisiko wa mashine ndio unaoulegeza.

Nyuzi zinaingia vizuri, nimezungusha tepu mara nyingi, bado panavuja. Kwa nini?

Angalia mashine ilitoka wapi. Mafundi bomba wa Kenya wanatumia nyuzi za kipimo cha Kiingereza, BSP, na ndizo zilizojaa madukani. Mashine za Marekani zinakuja na kipimo cha kwao, NPT. Kwenye nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaingiana na kukaza kana kwamba ni ndugu. Lakini BSP ina pembe ya digrii 55 na NPT ina 60, na kile kinafasi kinachobaki kinapitisha hewa. Kwa maji unaweza kuponea kwa tepu. Kwa vakyumu haiponi. Tafuta kiungio cha kubadilisha kutoka aina moja kwenda nyingine.

Kisa kingine ni nyuzi zilizonyooka na zile zinazochongoka. Zinazochongoka zinajiziba kwenye nyuzi zenyewe, na hapo tepu ndipo mahali pake. Zilizonyooka, ambazo zimeandikwa G, zinaziba usoni kwa washa au oringi, yaani pete ya mpira. Tepu haizisaidii, na ukiikosa ile washa utakaza mpaka uvunje. Tepu yenyewe izungushe kuelekea upande wa kukaza, ukiacha uzi wa kwanza wazi, ili vipande visikatike vikaingia kwenye valvu.

Vile viungio vya kusukuma bomba kwa mkono vinafaa?

Vinafaa vikiwa vimeandikwa kwamba vinakubali vakyumu. Vingi vya bei rahisi vina mpira wenye mdomo unaobanwa na hewa ya kompresa kutoka ndani. Hewa ikigeuka upande, mdomo unafunguka. Na ukate bomba kwa kikata bomba. Bomba lililokatwa kwa msumeno au kisu cha jikoni linakuwa na mwisho wa mshazari, halikai sawa kwenye oringi.

Chumvi ya bahari inaharibu viungio vyetu. Tuchague vya aina gani?

Yeyote anayefanya kazi Shela, Amu au karibu na ufuo wa Malindi anajua kwamba kusi ikivuma, bawaba mpya inaanza kutu kabla hujaipaka rangi. Kwenye vakyumu hatari ni mbili, na ya pili haijulikani na wengi.

Ya kwanza ni kutu ya ndani. Nipo na elbo za chuma chenye zinki zinaanza kubanduka magamba ndani, na kwa kuwa hewa inakwenda upande mmoja tu, magamba hayo yanakwenda kwenye pampu. Pampu ya mabamba ya kaboni, yanayozunguka ndani yake, haivumilii kitu kigumu. Bamba linavunjika na kuta zinakwaruzwa. Chuma cha namna hiyo tusikiweke kabisa upande wa kunyonya. Plastiki ngumu kama nailoni au PVC, shaba nyeupe, au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 ndivyo vya kutumia. Daraja la 304 ni zuri bara, lakini upepo wa chumvi unalitia madoa.

Ya pili ni ndoa ya alumini na shaba. Meza nyingi ni za alumini. Ukikaza nipo ya shaba moja kwa moja ndani yake, halafu ukaja unyevu wenye chumvi, alumini inaanza kuliwa kuzunguka ile nipo. Utaona unga mweupe. Nyuzi za meza zikishaisha, hakuna duka la kununua nyuzi. Itabidi meza ichimbwe na kutiwa nyuzi upya. Kwa hiyo kwenye meza ya alumini tunaweka nipo za nailoni, au shaba iliyozungushiwa tepu ya kutosha na kufutwa kwa kitambaa kikavu kila mwisho wa wiki. Hili tunalisema kwa kusisitiza kwa sababu nipo hubadilishwa kwa siku moja ila meza haina mbadala hapa pwani.

Mbao zetu ni mbambakofi, mwembe, mwarobaini na mnazi. Zote zinashikika?

Hazilingani. Mbambakofi ni nzito, imeshikana, na ikipigwa randa vizuri inakaa kwenye kikombe kana kwamba imegundishwa. Mwarobaini pia si mbaya ukiwa umekauka. Mwembe una vinyweleo vikubwa na mara nyingi una njia za wadudu, kwa hiyo hewa inapita, geji itakuambia. Mnazi ndio unaosumbua kuliko zote. Ule umejaa mirija inayokwenda urefu wa shina, na hewa inaingia kwenye ncha na kutokea chini ya ubao.

Dawa ni kuziba uso wa chini kabla ya kuuweka mezani. Mkono mmoja wa sanding sila unatosha kwa mwembe. Kwa mnazi ziba na ncha zote mbili, au bandika karatasi ya plastiki yenye gundi upande wa chini wote.

Tatizo kubwa kuliko vinyweleo ni kupinda. Mbao zilizopasuliwa mvua za masika na kuletwa karakana kabla hazijakauka zitapinda zikiwa kwako. Ubao uliopinda milimita mbili hauzibi, na ukijaribu kuulazimisha kwa klampu mpaka geji ipande, utachonga ubao uliobanwa ukanyooka, halafu ukiachia, nakshi yote itarudi na kupinda. Piga randa uso wa chini kwanza. Hakuna kiungio kitakachoiokoa kazi iliyoanza kwa ubao usionyooka.

Nachonga mfaa wa mlango. Ni mrefu na mwembamba, vikombe vikubwa vinatokeza pembeni.

Swali zuri, na ni la Lamu hasa. Mfaa, ile nguzo ya katikati ya mlango, una urefu wa mlango wote, lakini upana wake hautoshi kufunika kikombe cha sentimita 12. Kikombe kisichofunikwa chote hakishiki chochote, na kama hakina valvu yake, kinaangusha na vile vingine.

Tumia vikombe vyembamba vya sentimita 5 kwa 12 vikilazwa kufuata urefu. Kila kimoja kina sentimita mraba 60 na kwa −0.8 bar kinabana kwa nguvu ya takriban kilo 49. Sita vinakupa kama kilo 294 za kubana, na kwa hesabu yetu ya nusu na nusu, kilo 73 za kuzuia pembeni. Kwa nakshi ya biti ndogo inayokwenda taratibu, zinatosha. Kwa kukata kina kirefu cha mbambakofi kwa biti nene, hazitoshi, na hapo ongeza pini za kuzuia kwenye ncha na upande ambao kisu kinasukumia. Pini hazibani, zinakataza tu kusogea, na zinaibebea vakyumu mzigo mkubwa.

Kila kikombe kiwe na koki yake au valvu ya mpira inayofunguka ikiguswa na ubao. Miimo na kizingiti ni kazi rahisi zaidi kwa sababu ni mipana.

Na kwa wanaotuuliza kama mashine itawaondolea kazi wachongaji wa Amu, mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001: karakana tunazozionea fahari zinatumia CNC kuondoa mbao nyingi na kunyoosha fremu, halafu nakshi inamaliziwa kwa patasi na mkono. Ukingo uliomaliziwa kwa mkono unaonekana na unalipwa.

MDF ya kutandika juu ya meza inafanya kazi gani, na kwa nini nguvu yake imepungua?

Hewa inapita ndani ya MDF yenyewe. Nyuso zake mbili zimekandamizwa zaidi kiwandani, kwa hiyo lazima uzichonge zote mbili kidogo, milimita nusu hadi moja, ili hewa ipite. Kingo ziwe zimezibwa kwa rangi au gundi, la sivyo hewa inaingia pembeni. Kwa hewa yetu ya unyevu MDF inavimba na uso unakuwa na mawimbi. Ichonge tena kila unapoona vipande vyembamba vinacheza. Mahali pasipofunikwa na kazi pafunike kwa akriliki au mabaki ya melamini.

Pampu ya aina gani inafaa? Vakyumu ya kusafishia nyumba? Kompresa ya friji?

Inategemea hewa ngapi inapita. Kwa vikombe na meza zenye mpira wa kuzibia uliolazwa kwenye mifereji, ambako kila kitu kimezibwa, pampu ya mabamba ya kaboni inakupa −0.8 na zaidi kwa mtiririko mdogo. Kwa MDF inayopitisha hewa muda wote, watu wanatumia pampu kubwa zaidi au blowa, yaani feni yenye nguvu ya kunyonya. Blowa haifiki mbali, mara nyingi −0.2 hadi −0.3 bar, lakini inabeba hewa nyingi mno. Kwa ubao mzima wa futi 8 kwa 4, hata −0.25 bar ni nguvu inayopita tani saba kwenye eneo lote, kwa hiyo usiidharau. Blowa iwe na valvu ya kuachia hewa; ukiiziba kabisa inachemka na kuungua.

Vakyumu ya nyumbani inafika takriban −0.2 na mota yake inapozwa na hewa hiyohiyo inayopita. Ukiiziba, unaiua. Kompresa ya friji inafika mbali lakini inabeba hewa kidogo sana. Ni ya kikombe kimoja au viwili vilivyozibwa vizuri, tena inatema mafuta. Kama una kompresa ya hewa yenye uwezo, ejekta, kifaa kinachonyonya kwa kupitishiwa hewa ya kompresa, ni njia rahisi ya kuanzia, haina kitu kinachozunguka ndani, ila inakula hewa ya kompresa bila huruma.

Ukiwa na pampu ya fezi tatu, angalia inazungukia upande wa mshale kila baada ya fundi umeme kugusa nyaya. Ikizunguka kinyume, inapuliza ubao badala ya kuunyonya, na mabamba ya kaboni yanaweza kuvunjika.

Stima ikipotea kisu kikiwa ndani ya ubao?

Hili tungeomba kila mwenye mashine alisome mara mbili. Stima ikikatika, mota za kusogeza mashine zinasimama mara moja, lakini mota ya kisu inaendelea kuzunguka kwa kasi yake kwa sekunde kadhaa. Wakati huohuo pampu imesimama na hewa inarudi. Ubao ukiachiliwa kisu kikiwa bado kinazunguka, unaruka. Kinga mtu kwanza, ubao baadaye.

Unahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni valvu ya njia moja kati ya pampu na mfumo, ili pampu ikisimama hewa isirudi kupitia kwake. Cha pili ni tangi la akiba. Tuseme mfumo wako unavuja lita 10 kwa dakika, kiasi cha kawaida. Kama hewa yote ya ndani ya mipira na vikombe ni lita 2 tu, utashuka kutoka −0.8 hadi −0.6 kwa sekunde mbili na nusu. Ukiwa na tangi la lita 100, safari hiyohiyo inachukua dakika mbili, na kisu kimesimama zamani. Cha tatu ni swichi ya vakyumu iliyounganishwa na mashine, inayosimamisha kazi ikiwa geji itashuka chini ya kiwango ulichoweka, kwa mfano −0.6. Hiyo inakulinda pia siku mpira unapochomoka stima ikiwepo.

Tangi liwe la kompresa. Pipa la mafuta la lita 200 linakunjwa na hewa likabaki kama karatasi, na jerikani ndiyo kabisa. Mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia usiukate wala kuuchomelea. Gesi iliyobaki inaua.

Vipande vidogo vinaruka mwishoni mwa kukata. Nifanyeje?

Herufi ya sentimita 3 kwa 5 ina eneo la sentimita mraba 15. Nguvu yake ya kubana ni kama kilo 12, na ukishagawa inabaki kilo 3. Usitarajie ishikike. Acha ngozi ya milimita 0.3 hadi 0.5 chini na uimalizie kwa mzunguko wa mwisho wa kina kidogo, au acha vishikizo vya kukatwa kwa mkono. Badilisha pia biti: ile inayosukuma maranda chini inakandamiza kipande mezani, ile inayoyapandisha juu inakinyanyua.

Tunakata alumini kwa maji ya kupoza. Maji yanaingia kwenye pampu.

Weka mtego wa maji kabla ya pampu, wenye kioo cha kuonea na koki ya kumwagia chini, uwe mahali pa chini kuliko meza. Kwa vumbi la mbao weka chujio lake, na ulisafishe kila siku ya kazi nyingi. Geji mbili, moja kabla na moja baada ya chujio, zitakuonyesha lini limeziba: zikitofautiana sana, lisafishe. Mipira ya kuzibia kwenye meza ya maji na mafuta iwe ya nitrili. Ile ya sponji yenye vinyweleo wazi inanyonya maji na kupoteza umbo.

Niko Lamu na vipuri vinatoka Mombasa. Niweke nini akiba?

Mpira wa kuzibia wa meza yako wa kutosha kubadilisha wote, kwa sababu ndio unaokatwa na kisu mara kwa mara. Vikombe viwili au mipira yake. Seti moja ya mabamba ya kaboni ya pampu yako na namba ya muundo wake iliyoandikwa ukutani. Chujio mbili. Oringi na washa za kila ukubwa ulio nao, nipo za nailoni, klipu, tepu, na koki moja ya ziada. Mita kadhaa za mpira wenye waya. Vyote vinaingia kwenye sanduku moja la plastiki lenye kifuniko; libane vizuri na liweke mbali na jua, maana mpira uliokaa dirishani miezi ya kaskazi unapasuka kabla haujatumika. Ukiagiza kwa simu, tuma picha ya kiungio cha zamani kikiwa juu ya rula, na useme kama nyuzi zimenyooka au zinachongoka, ili boti ya Mokowe isikuletee kitu kisichoingia.